Mafahali Wawili Zizi Moja: Historia ya Viini Vingi Ndani ya Kompyuta Moja

Ukiwasha kompyuta yenye Linux na Windows kwa pamoja, kabla ya picha, kabla ya muziki, kabla hata ya kuulizwa nenosiri, hutokea skrini nyeusi yenye mistari michache ya maandishi. Mstari wa kwanza unataja Ubuntu au Debian. Wa pili unasema kuna machaguo zaidi. Wa mwisho unataja Windows. Chini yake kuna namba inayohesabu kurudi nyuma: kumi, tisa, nane. Usipogusa kitu, kompyuta inajiamulia yenyewe.

Wengi wetu hatuisomi skrini hiyo. Ni kama ule ukurasa wa haki miliki mwanzoni mwa riwaya: upo, tunaufunua, tunapita. Leo naomba tuusome. Nyuma ya mistari ile kuna historia ya zaidi ya miaka arobaini, na ndani yake kuna kitabu kilichokatazwa kufundishwa, mwanafunzi aliyejifutia diski kwa mkono wake mwenyewe, na ugomvi ambao haujaisha mpaka leo: mashine uliyoinunua kwa hela yako, nani ana haki ya kuamua kitakachowaka ndani yake?

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Mfumo endeshi wowote, uwe Windows, Linux au mwingine, una sehemu moja ya katikati inayotawala kila kitu. Inagawa kumbukumbu, inaamua programu ipi ipewe zamu kwenye prosesa, inasema na diski, kibodi na mtandao. Waingereza waliiita kwa jina la punje iliyo ndani ya kokwa. Sisi tuna kiini: kiini cha yai, kiini cha mbegu, kiini cha habari. Neno limekaa vizuri kuliko tunavyolitumia. Dirisha unaloliona, vitufe, rangi, vyote hivyo ni nyama ya nje. Kiini hukioni, lakini kikizimika, yote yamezimika.

Na tabia ya kiini ni kutotaka mwenzake. Kimeandikwa kwa kuamini kwamba kumbukumbu yote ni yake na diski zote ni zake. Wahenga walishasema, mafahali wawili hawakai zizi moja. Kiini ni fahali. Ukiviwasha viwili kwa wakati mmoja juu ya mashine tupu, kila kimoja kitaandika pale mwenzake alipoandika, na hapo hakuna atakayebaki salama. Basi kama unataka wote wawili, njia ni mbili tu. Ama waingie kwa zamu, ama uweke mwamuzi juu yao. Hadithi yetu zaidi ni ya zamu.

Vyumba vinne

IBM ilipotoa kompyuta yake ndogo, IBM PC, Agosti 1981, haikuwa na diski kuu. Kulikuwa na flopi. Na kinyume na wengi wanavyokumbuka, IBM haikuiuza mashine ile kwa mfumo mmoja tu. Kulikuwa na PC DOS ya Microsoft, kulikuwa na CP/M-86 ya Digital Research iliyochelewa kidogo, na kulikuwa na UCSD p-System. Kubadilisha kiini kulikuwa kazi ya vidole: unatoa flopi hii, unaweka ile, unawasha upya. Kilichoua ushindani ule zaidi kilikuwa bei. PC DOS iliuzwa dola 40, na CP/M-86 dola 240. Wateja walihesabu noti zao, wakaamua.

Mambo yalibadilika mwaka 1983, ilipokuja PC XT yenye diski kuu ya megabaiti 10 pamoja na PC DOS 2.0. Sasa diski haitoki tena mashineni. Ukiwa na mfumo mmoja ndani, wa pili utauweka wapi? Jibu la wahandisi lilikuwa kuikata diski vyumba, au patisheni kama mafundi wetu wanavyosema, na kuweka orodha ya vyumba hivyo katika sekta ya kwanza kabisa ya diski.

Sekta ile ina baiti 512. Si nyingi, jamani. Aya hii unayoisoma ni ndefu kuliko hapo. Baiti 446 ni za programu ndogo ya kuwashia. Baiti 64 ni jedwali la vyumba, na kila chumba kinachukua 16, kwa hiyo vyumba ni vinne, basi. Baiti mbili za mwisho ni alama ya kuthibitisha kwamba sekta hii kweli ni ya kuwashia. Mashine ikiwashwa, programu iliyo kwenye ubao mama, yaani BIOS, inaisoma sekta hiyo moja, inaiweka kwenye kumbukumbu, na inaikabidhi usukani. Haijui Windows, haijui Linux. Inajua tu kwamba imeambiwa isome hapo.

Katika ule ufinyu ndimo ulimozaliwa uwezekano wote. Yeyote aliyeweza kuandika programu ya baiti 446 na kuiweka pale mwanzo, alikuwa bawabu wa nyumba nzima. Yeye ndiye angesema leo nani aingie. Ila kuna upande wa pili: bawabu ni mmoja, na yeyote ajaye baadaye anaweza kumfukuza na kukaa yeye. Ndiyo maana fundi akikupigia Windows juu ya mashine iliyokuwa na Linux, Linux "hupotea". Haikufutwa. Ipo chumbani mwake, mzima kabisa. Ni bawabu aliyekuwa akiijua ndiye aliyeondolewa, na bawabu mpya hana habari kwamba kuna mpangaji mwingine. Ushauri wa kale wa kuanza na Windows kisha Linux ulitoka hapo.

Kitabu kilichokatazwa

Wapenzi wa vitabu watanisamehe nikiwarudisha nyuma kidogo, maana hapa kuna hadithi yetu sisi wasomaji.

Mwaka 1977, mhadhiri John Lions wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, alitoa kwa wanafunzi wake maandishi ya sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa msimbo wa kiini cha UNIX, toleo la sita, mistari isiyofika elfu kumi. Ya pili ilikuwa sherehe yake: anauchukua msimbo kipande kwa kipande na kueleza kinasema nini, kama mwalimu wa fasihi anavyochambua utenzi ubeti kwa ubeti. Kwa mara ya kwanza mwanafunzi wa kawaida aliweza kukisoma kiini chote kuanzia mwanzo hadi mwisho, akakimaliza.

Toleo la saba lilipotoka mwaka 1979, wenye mali, AT&T, walikaza leseni: msimbo huo usitumike tena kufundishia darasani. Kitabu cha Lions hakikuweza kuchapishwa hadharani. Kikaishi kama vinavyoishi vitabu vilivyokatazwa kila mahali: kwa fotokopi, na fotokopi ya fotokopi, kikipita mkono hadi mkono mpaka herufi zikafifia. Kilikuja kuchapishwa rasmi mwaka 1996 tu.

Huko Amsterdam, Profesa Andrew Tanenbaum wa Vrije Universiteit alibaki bila cha kufundishia. Akaamua kuandika kiini chake mwenyewe, bila mstari hata mmoja wa AT&T, akakiita Minix, na mwaka 1987 akatoa kitabu kilichokuwa na msimbo wenyewe ndani yake. Kitabu hicho kikafika Helsinki, mikononi mwa mwanafunzi aliyeitwa Linus Torvalds.

Januari 1991 Torvalds alinunua kompyuta yenye prosesa ya 386, akaweka Minix. Hapakuwa na nia ya kumpindua mtu. Alitaka tu programu ya kumwezesha kuingia kwenye kompyuta za chuo kwa modemu, na akaiandika bila kutegemea mfumo wowote, ikiwaka yenyewe kutoka kwenye flopi. Kisha akataka kuhifadhi mafaili aliyopakua, kwa hiyo akaandika draiva ya diski. Kisha akahitaji kuelewa mpangilio wa mafaili, akatumia uleule wa Minix, kwa sababu diski yake tayari ilikuwa imepangwa hivyo. Kidogo kidogo programu ya modemu ikawa kiini. Agosti 1991 akawatangazia watumiaji wa Minix kwamba kuna kitu anakitengeneza, na Septemba akatoa toleo 0.01.

Angalia hali ilivyokuwa wakati ule: Linux haikuweza kujitengeneza. Ulihitaji Minix ili kuukusanya msimbo wake na kuugeuza kuwa kitu kinachowaka. Viini viwili ndani ya mashine moja, mkubwa akimlea mdogo, wakigawana hata mpangilio wa mafaili. Unaandika ukiwa Minix, unazima, unawasha Linux uone kama inasimama, inaanguka, unarudi Minix kurekebisha.

Halafu ikatokea ajali. Torvalds mwenyewe ameisimulia: siku moja alitaka kuiamuru modemu ipige simu, akakosea jina la kifaa, na amri zile za kupiga simu zikaandikwa moja kwa moja juu ya diski, mwanzoni mwa chumba cha Minix. Chumba kikaharibika. Angeweza kusakinisha Minix upya. Flopi alikuwa nazo. Badala yake akaamua kwamba Linux sasa imekua, na atakachokikosa atakiandika. Mlezi akaondoka, mtoto akabaki na nyumba.

Neno la herufi nne

Watu wengine hawakuwa tayari kuunguza meli zao hivyo. Walikuwa na DOS yenye kazi zao, na walitaka kuijaribu Linux pembeni. Walihitaji bawabu. Werner Almesberger akawaandikia LILO, na kwa miaka ya tisini karibu kila aliyeingia Linux alipitia mlango huo.

LILO ilikuwa na kipaji na kilema. Kipaji chake ni kwamba iliweza kuwasha kiini chochote cha Linux kilichoorodheshwa, au kukabidhi usukani kwa DOS na Windows. Kilema ni kwamba haikujua kusoma mafaili. Ilichojua ni anwani: kiini kipo sekta ya ngapi hadi ya ngapi kwenye diski. Ukibadilisha kiini bila kuiambia LILO iandike upya anwani zake, asubuhi ingekwenda kubisha nyumba ambayo mwenyewe kahama. Wangapi walilala na furaha ya kiini kipya wakaamkia skrini iliyoganda!

Na namna ilivyoganda ilikuwa na lugha yake. LILO iliandika jina lake herufi moja moja, kila herufi ikimaanisha hatua imevuka. Ikiandika LILO kamili, mambo shwari. Ikikwama kwenye L, sehemu ya pili ya programu haikupatikana. Ikikwama kwenye LI, ilipatikana lakini haikuweza kuendeshwa. Sijui mahali pengine ambapo neno lililokatika katikati lilikuwa taarifa kamili kiasi hicho.

Kulikuwa na adha nyingine. BIOS za wakati ule ziliihesabu diski kwa silinda, na namba ya silinda ilipewa biti kumi, yaani mwisho 1,024. Diski zikakua kuliko hesabu hiyo. Kiini kikiangukia nje ya silinda ya 1,024, bawabu hakifikii, hata kama kipo. Ndipo watu wakazoea kutenga chumba kidogo mwanzoni mwa diski, kikaitwa /boot, kwa ajili ya viini peke yake. Sababu ilishakufa, chumba kingalipo kwenye mashine nyingi, kama kibaraza cha nyumba ambayo watu hawakai tena nje.

Mwaka 1995, Erich Boleyn alikuwa akihangaika kuwasha GNU Hurd, kiini ambacho wana GNU walianza kukijenga kabla ya Linux na kinachokaa juu ya kiini kingine kidogo kiitwacho Mach. Aliona kwamba kila kiini kinakuja na bawabu wake asiyewatambua wengine. Wakakubaliana na Bryan Ford juu ya mkataba: kiini kijitambulishe kwa namna moja inayojulikana, na bawabu amkabidhi taarifa kwa namna moja inayojulikana. Wakauita Multiboot. Juu ya mkataba huo Boleyn akaandika GRUB, na mwaka 1999 Gordon Matzigkeit na Yoshinori Okuji wakaifanya sehemu rasmi ya GNU.

Tofauti kubwa ya GRUB ni kwamba inajua kusoma. Inafungua mpangilio wa mafaili, inatafuta kiini kwa jina, na ukikosea jina inakuachia sehemu ya kuandika amri, uangalie mwenyewe diski ina nini. LILO ilikuwa na anwani mkononi. GRUB inaingia mtaani inauliza, fulani anakaa wapi?

Mkataba ule wa Multiboot haukulindwa na serikali wala kampuni. Ni watu wachache waliokaa wakasema, tukubaliane namna ya kubisha hodi. Hurd yenyewe haijawahi kupata umaarufu iliotarajiwa, lakini bawabu aliyeandikwa kwa ajili yake ndiye anayewasha mashine nyingi za Linux leo.

Wana Debian walilifikisha wazo hili mbali kuliko wengine. Walisema kwa nini mfumo ufungwe na kiini kimoja? Februari 2011, Debian 6.0 ilitoka ikiwa na tawi la majaribio liitwalo GNU/kFreeBSD: programu zilezile, amri zilezile, lakini chini yake kiini cha FreeBSD badala ya Linux. Mtumiaji angeweza kufanya kazi asubuhi nzima bila kujua amekalia kipi. Tawi hilo halikudumu. Toleo la nane la mwaka 2015 lilitoka bila hilo. Watu wa kulitunza walikuwa wachache. Hata kiini kizuri kinahitaji wa kukipalilia.

Usiache mbachao

Mpaka hapa nimezungumzia viini vya koo tofauti. Lakini orodha iliyo ndefu zaidi kwenye skrini ile nyeusi, ukifungua yale machaguo zaidi, ni ya kiini kilekile cha Linux kwa umri tofauti.

Ukisasisha programu ya kawaida, mpya inakaa mahali pa ya zamani, na ya zamani inakwisha. Kiini hakifanyiwi hivyo. Kipya kinawekwa pembeni ya cha zamani, kila kimoja na namba yake ndani ya jina la faili, kila kimoja na folda yake ya draiva, kila kimoja na mstari wake kwenye menyu. Fedora, kwa kawaida, huacha vitatu. Sababu ni rahisi. Programu ya barua ikiharibika, utaingia kwenye kompyuta uirekebishe. Kiini kikiharibika, utaingilia wapi?

Tuseme una mswada wa riwaya ndani ya kompyuta mpakato, na kesho ndiyo siku ya kuukabidhi kwa mhariri. Usiku mashine imejisasisha. Asubuhi unaiwasha, inasimama kwenye skrini tupu, kwa sababu kiini kipya hakielewani na kadi yako ya picha. Hapa ndipo wengine wangebeba mashine kwa fundi, na fundi mwenye haraka angesema, "tuipige upya tu." Ukipiga upya, na hukuwa na nakala, riwaya imekwenda. Kumbe ilikuwa kazi ya nusu dakika: kuzima, kuwasha, kubonyeza Shift au Esc, kuchagua kiini cha wiki iliyopita, na kuendelea na sura ya mwisho. Wahenga hawakuijua Linux waliposema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini waliotunga utaratibu wa vifurushi vya viini walifuata shauri lilelile.

Mbachao nao ukizidi ni tatizo. Kile chumba cha /boot mara nyingi ni kidogo. Kila sasisho linaleta kiini kingine, usipofuta vya zamani kinajaa, na sasisho linalofuata linakwama katikati. Kanuni ya mafundi ni hii: usifute kiini unachokitumia sasa (amri ya uname -r itakuambia ni kipi), bakiza kimoja cha nyuma unachokiamini, vingine viondoe kupitia meneja wa vifurushi, si kwa kufuta mafaili kwa mkono. Ukifuta kwa mkono menyu inabaki na jina la marehemu.

Wapo pia wanaoweka viini vingi kwa makusudi ya upelelezi. Zamani namba yenyewe ilikupa tahadhari: 2.4 ilikuwa imara, 2.5 ya majaribio, shufwa kwa watu na witiri kwa wajasiri. Utaratibu huo uliisha baada ya 2.6 kutoka Desemba 2003. Mwaka 2005 Torvalds aliandika Git ya kutunzia msimbo, na humo mna mbinu ya kukata katikati. Kiini cha mwezi jana kilifanya kazi, cha leo hakifanyi, na kati yao kuna mabadiliko elfu kumi. Unatengeneza kiini cha katikati, unakiwasha. Kikifanya kazi, kosa liko nusu ya pili. Kisipofanya, nusu ya kwanza. Unakata tena. Kwa viini 14 hivi umempata mhusika kati ya elfu kumi.

Saa ya nani?

Mafahali wakiingia kwa zamu hawapigani, lakini wanaachiana mambo. Mfano mzuri ni saa, na sisi wa Afrika Mashariki tunaujua vizuri hata kama hatukujua sababu.

Ubao mama una saa ndogo inayoendeshwa na betri. Windows huichukulia kuwa ni saa ya mahali ulipo. Linux huichukulia kuwa ni saa ya dunia, ile ya UTC, kisha inaongeza tofauti. Dar es Salaam na Nairobi ziko saa tatu mbele. Basi Windows ikiandika saa tisa alasiri, Linux ikija inasoma saa tisa, inaongeza tatu, inakutangazia kumi na mbili jioni. Ikishajirekebisha kwa mtandao na kuandika saa ya dunia kwenye ubao, Windows ikirudi itakuwa nyuma saa tatu. Hakuna aliyekosea. Sisi tunaoitazama saa ya ukutani ikionyesha nane, tukasema kwa mdomo ni saa mbili, hatupaswi kushangaa. Dawa ni kuwakubalisha wote watumie hesabu moja.

Jingine ni la hatari zaidi. Tangu Windows 8, ukibonyeza kuzima, Windows mara nyingi haizimi kweli. Hukilaza kiini chake usingizi kwenye diski ili kesho kiamke haraka. Ukiingia Linux wakati huo na kuandika ndani ya chumba cha Windows, umehamisha fanicha za mtu aliyelala. Anaamka akikumbuka vitu vilipokuwa jana, na mafaili yanaweza kuharibika. Ndiyo maana Linux mara nyingi hukataa kuandika humo mpaka Windows izimwe kikamilifu.

Bawabu mwenye leseni

Baiti 512 zilitosha kwa miongo kadhaa, kisha zikastaafishwa. Mahali pa BIOS pakaja UEFI, iliyotokana na kazi ya Intel na kuwekwa chini ya baraza la makampuni mwaka 2005. Jedwali jipya la diski huwa na nafasi ya vyumba 128. Kuna chumba maalumu ambamo kila mfumo unaweka bawabu wake ndani ya folda yake, na ubao mama wenyewe unatunza orodha yao. Hakuna tena kufukuzana kwa sekta moja. Kwa hilo, tuseme ukweli, maisha yamekuwa rahisi.

Lakini pamoja na UEFI likaja jambo la saini. Ubao mama unaweza kukataa kumwasha bawabu yeyote asiye na saini ya funguo unazoziamini. Sababu ilikuwa ya haki: kuna virusi vinavyojificha pale mwanzo kabisa, kabla ya mfumo kuamka, ambapo hakuna wa kuviona. Windows 8 ilipotoka Oktoba 2012, Microsoft ilitaka mashine mpya zenye nembo yake ziuzwe ulinzi huo ukiwa umewashwa. Na funguo ambazo karibu kila ubao ulikuja nazo zilikuwa za Microsoft.

Swali likawa la kila mtu. Kama funguo za nyumba yangu zinatunzwa na kampuni moja, mpangaji mwingine ataingia kwa ruhusa ya nani? Kwenye mashine za kawaida mwenye mashine aliachiwa uwezo wa kuuzima ulinzi huo au kuweka funguo zake. Kwenye tableti za Windows RT, zilizotumia prosesa za ARM, hakuachiwa. Matthew Garrett na wenzake wakatafuta njia ya kati: programu ndogo iitwayo shim, iliyotiwa saini na Microsoft, ambayo kazi yake ni kumkagua bawabu wa Linux kwa funguo za Linux wenyewe, au kwa funguo ambazo mwenye mashine amezisajili. Ndiyo njia inayotumika mpaka leo. Wengine wanaiona ni busara. Wengine wanaona kwamba tumekubali kuomba ruhusa pale ambapo zamani tulikuwa tunaingia tu.

Na hofu yao si ya kufikirika. Agosti 2024, sasisho la Windows lililokusudiwa kuzuia mabawabu wa zamani wenye kasoro za usalama liliwafungia nje baadhi ya watu waliokuwa na Linux kwenye mashine hiyohiyo. Mfumo mmoja ulijisasisha, wa pili ukakataliwa mlangoni. Nia ilikuwa ulinzi. Aliyekuwa na kazi ya kukabidhi asubuhi hiyo hakuiona nia, aliona mlango.

Mwamuzi

Nilisema njia ni mbili. Ya pili, ya kuweka mwamuzi, ni ya zamani kuliko IBM PC yenyewe. Kwenye maabara ya IBM huko Cambridge, Massachusetts, katika miaka ya sitini, walijenga programu iliyokiaminisha kila kiini kwamba kiko peke yake kwenye mashine. Mwaka 1972 kazi hiyo iliuzwa kama VM/370. VMware ikaleta ujuzi huo kwenye kompyuta za kawaida mwaka 1999, na mwaka 2007 Linux yenyewe ikapewa KVM, uwezo wa kuwa mwamuzi. Leo seva moja ya kukodi inaendesha viini kadhaa kwa wakati mmoja, na hakuna anayemwona mwenzake. Mafahali wanakaa zizi moja, kila mmoja akiota kwamba malisho yote ni yake.

Wapo wanaosema kwa sababu hiyo skrini nyeusi imepitwa na wakati. Sikubaliani nao, hasa kwetu, ambako kompyuta nyingi huingia zikiwa za mtumba, kumbukumbu kidogo, diski yenye umri. Mashine kama hiyo haiwezi kubeba mafahali wawili kwa pamoja, ila inaweza kuwapokea kwa zamu: Windows kwa programu ya ofisini isiyo na mbadala, Linux nyepesi kwa kuandika na kusoma. Hata mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, ulichagua programu inayokubali juu ya viini vyote viwili. Lugha ilikuwa ileile, upande wowote utakaowasha.

Kwa hiyo kesho ukiiwasha mashine yako, kama ina Linux, bonyeza Shift au Esc mapema, ufungue yale machaguo zaidi, usome orodha. Angalia namba. Hakikisha kuna kiini kimoja cha zamani unachokiamini, na kwamba unajua kukifikia bila kumpigia simu mtu. Kisha, kabla ya kuendelea na kazi, toa nakala ya mswada wako uweke mahali pengine.